Pedi za Breki za Pikapu: Kutambua Dalili, Chanzo na Namna ya Kuzibadilisha Mwenyewe

Kubadilisha pedi za breki za mbele si kazi inayomshinda mtu mwenye jeki nzuri, spana chache na utulivu. Kazi ngumu ni kujua kwa nini zimekwisha. Pedi iliyokwisha mapema, au iliyolika upande mmoja tu, mara nyingi ni matokeo ya hitilafu iliyo mahali pengine, na anayefunga mpya bila kuitafuta hitilafu hiyo atarudi dukani baada ya muda mfupi. Maelezo haya yanahusu hasa Toyota Hilux ya umbo la Vigo, ambayo ina diski mbele na dramu nyuma. Zile zinazoendeshwa kwa magurudumu manne huwa na kalipa (kifaa kinachozibana pedi kwenye diski) isiyosogea yenye pistoni nne, mbili kila upande wa diski, wakati Isuzu D-Max na Ford Ranger nyingi hutumia kalipa inayoteleza juu ya pini, yenye pistoni upande wa ndani tu. Tofauti hiyo ni muhimu, kwa kuwa inabadilisha namna ya kuzisoma pedi utakapozitoa.

Kelele

Mlio mwembamba unaosikika gari likienda polepole, na ambao hukatika au kubadilika unapogusa breki, kwa kawaida hutoka kwenye kibati cha tahadhari kilichopigiliwa kwenye pedi. Kibati hicho huwekwa ili kiguse diski nyenzo ya msuguano inapobakiza takriban milimita 2 au 3, ilhali pedi mpya huwa na milimita 10 hivi. Ukikisikia, bado una muda wa kununua pedi na kupanga siku ya kazi, lakini usiugeuze muda huo kuwa miezi. Pedi nyingi za bei nafuu hazina kibati hicho kabisa, kwa hiyo ukimya wa breki hauthibitishi kwamba pedi ni nzima.

Mkwaruzo mzito wa chuma kwa chuma, unaozidi kadiri unavyokanyaga, maana yake ni kwamba nyenzo imekwisha na bamba la chuma linaila diski. Hapo gari lisimamishwe, kwa sababu diski inayoharibika bei yake ni kubwa kuliko ya pedi, na pistoni inayotokeza kupita kiasi inaweza kuvujisha mafuta ya breki.

Si kila mkwaruzo unatoka kwenye pedi. Gari lililolala nje kwenye mvua, au karibu na bahari, hukwaruza mara chache za kwanza asubuhi mpaka kutu nyepesi ya juu ya diski ifutike, na hilo si tatizo. Kwenye barabara za changarawe, kijiwe hujipenyeza kati ya diski na bati la kuzuia vumbi, kikatoa kelele ya kutisha ambayo haibadiliki hata ukikanyaga breki; mara nyingi kulirudisha gari nyuma kidogo, au kulisogeza bati hilo kwa bisibisi, hutosha kukiondoa. Mlio wa kugonga mara moja unapofunga breki baada ya kutoka kwenye gia ya kurudi nyuma huonyesha kwamba pedi inacheza ndani ya nafasi yake. Chanzo chake karibu siku zote ni klipu au springi bapa ambazo fundi aliyetangulia alizitupa akiziona hazina maana. Zina maana, na zirudishwe.

Usukani na pedali

Gari linapovuta upande mmoja wakati wa kufunga breki, watu wengi huufungua upande linakovutia, na hapo ndipo wanapopotea. Likivuta kulia wakati unakanyaga tu, gurudumu la kulia ndilo linalofanya kazi na la kushoto ndilo limelegea, huenda kwa sababu pistoni zake zimekwama au pedi zake zimelowa mafuta. Likivuta kulia hata kabla hujakanyaga, na rimu ya kulia ikawa na joto kali kuliko ya kushoto baada ya safari fupi, basi breki ya kulia haiachii.

Breki isiyoachia ina jaribio lake rahisi. Nyanyua gurudumu, mtu akanyage breki na kuachia, kisha ujaribu kulizungusha kwa mkono. Likiwa limeshika, legeza kidogo nipo ya kutolea upepo kwenye kalipa hiyo. Ikiwa mafuta yanaruka na gurudumu linakuwa huru papo hapo, shinikizo lilikuwa limefungiwa, na mshukiwa wa kwanza ni mpira wa breki uliovimba ndani: kwa nje unaonekana mzima, lakini unaruhusu mafuta kwenda na kuyazuia yasirudi. Ikiwa gurudumu linabaki limeshika hata baada ya kulegeza nipo, kilichokwama ni pistoni au pini za kalipa. Gari linaloshika magurudumu yote baada ya kuongezewa mafuta ya breki lina historia nyingine. Mara nyingi mtu amemimina mafuta ya gia au ya injini kwenye kibuyu cha breki, na raba zote za mfumo zimevimba. Hapo pedi mpya hazisaidii kitu, na raba zote zilizoguswa na mafuta hayo lazima zibadilishwe.

Mtetemo unaosikika mikononi kwenye usukani wakati wa kufunga breki ukiwa kwenye mwendo huelekeza kwenye diski za mbele. Unaosikika kwenye kiti huelekeza kwenye dramu za nyuma. Mafundi husema diski imepinda, na wakati mwingine ni kweli, lakini mara nyingi unene wake umekuwa tofauti sehemu moja na nyingine, au inakaa upande kwa sababu ya kutu iliyobaki kati yake na habu, yaani kitovu cha gurudumu, au kwa sababu nati za gurudumu zilikazwa bila mpangilio kwa bomba refu. Wapo madereva wanaomwagia maji rimu iliyo moto ili ipoe haraka baada ya mteremko. Hawaisaidii breki hata kidogo, kwani diski inayopozwa ghafla huweza kupinda au kupasuka.

Kuhusu pedali, zitofautishwe hali tatu. Pedali inayoshuka sana lakini ikapanda ukiikanyaga mara mbili au tatu mfululizo ina upepo ndani ya mfumo, au brekishuu za nyuma (zinazofanya kazi ya pedi ndani ya dramu) ziko mbali na dramu. Pedali inayozama polepole ukiwa umeikanyaga kwa nguvu isiyobadilika ina uvujaji wa nje, au raba za ndani za masta silinda, yaani pampu kuu ya breki, zimechoka. Pedali iliyo ngumu kama jiwe, gari likikataa kusimama, ina tatizo la busta, kifaa kinachoongeza nguvu ya mguu kwenye breki: zima injini, kanyaga mara kadhaa mpaka ugumu uongezeke, shikilia, kisha washa injini, na pedali inapaswa kushuka kidogo chini ya mguu wako. Isiposhuka, chunguza mpira wa upepo unaokwenda kwenye busta na, kwa injini ya dizeli, pampu ya upepo pia. Hakuna hata moja kati ya hali hizi tatu inayoponywa na pedi mpya.

Kufungua

Kazi hii ifanyike mahali tambarare na pagumu. Pachika vizuizi kwenye magurudumu ya nyuma, vuta handibreki, legeza nati za gurudumu wakati tairi bado liko chini, ndipo upige jeki. Chasisi ikalie stendi za chuma. Tofali za saruji hupasuka bila kutoa onyo, na jeki peke yake haitoshi hata kwa dakika tano. Gurudumu ulilolitoa liingize chini ya chasisi kama tahadhari ya pili. Vumbi la pedi lisipulizwe kwa kompresa wala kwa mdomo, kwa sababu pedi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na huwezi kuitambua asbesto kwa macho. Vaa barakoa na uoshe kwa dawa ya kusafishia breki, au kwa maji ya sabuni na brashi.

Kabla ya kusukuma pistoni yoyote, fungua boneti uangalie kibuyu cha mafuta ya breki. Kiwango hushuka chenyewe kadiri pedi zinavyoisha, na kikiwa kimejazwa hadi juu siku za karibuni kitafurika pistoni zitakaporudi ndani. Mafuta hayo hung'oa rangi ya gari, kwa hiyo yakimwagika yaoshwe kwa maji mengi mara moja.

Fungua upande mmoja, umalize, ndipo uende wa pili, ili daima uwe na mfano wa kutazama. Kwenye kalipa ya pistoni nne huhitaji kuitoa kalipa yenyewe. Ondoa klipu inayozuia pini, vuta pini mbili, toa springi bapa, kisha chomoa pedi moja tu. Pedi ya upande wa pili iache mahali pake, kwa sababu pistoni zote nne zimeunganishwa na mafuta yaleyale: ukizisukuma mbili bila kuzizuia nyingine, hizo nyingine zitatoka. Tumia pedi kuukuu kama kinga ya uso wa pistoni na uzirudishe ndani polepole kwa bisibisi bapa pana, bila kuegemea ukingo wa diski. Ninapendelea kulegeza nipo wakati huo, nikiwa nimechomeka mpira mwembamba unaoelekea kwenye chupa, ili mafuta machafu yaliyokuwa nyuma ya pistoni yatoke nje badala ya kurudi kwenye masta silinda na mtambo wa ABS, ule unaozuia magurudumu yasijifunge. Nipo ifungwe kabla ya kuacha kusukuma, la sivyo upepo utaingia.

Kwa kalipa inayoteleza, fungua bolti ya chini, ifunue kalipa kuelekea juu na uifunge kwa waya kwenye springi au mkono wa juu. Isining'inie kwa mpira wake. Pini zake zitolewe, zifutwe na kupakwa grisi maalumu ya breki inayostahimili joto, kwa maana grisi ya kawaida ya beringi huvimbisha raba za pini na kuzikwamisha tena.

Zisome pedi kuukuu kabla ya kuzitupa

Zipange pedi zote nne chini kwa mpangilio zilivyokuwa: kushoto na kulia, ndani na nje. Zikiwa zimelika sawasawa, basi zimekwisha kwa umri wake na huna la kutafuta zaidi. Tofauti ya milimita moja hivi haina uzito. Ikizidi hapo, kuna la kueleza.

Kwenye kalipa inayoteleza, pedi ya ndani iliyokwisha huku ya nje ikiwa nene inaonyesha kwamba kalipa haitelezi, kwa kawaida kwa sababu ya pini kavu au zenye kutu. Pistoni isiyorudi nyuma huleta picha hiyohiyo, kwa hiyo vipimwe vyote viwili. Kwenye kalipa ya pistoni nne, pedi iliyobaki nene ndiyo iliyo upande wa pistoni zilizokwama. Pedi iliyolika kwa mshazari, ncha moja nyembamba na nyingine nene, ina pistoni moja kati ya mbili isiyofanya kazi, au imekwama kwa kutu kwenye njia yake. Pedi za upande mmoja wa gari zikiwa zimekwisha na za upande wa pili bado nene, rudi kwenye jaribio la mpira wa breki lililoelezwa juu.

Uso wa pedi nao una habari zake. Uso unaong'aa kama kioo umeungua kwa joto, na hata ukiwa bado mnene hautashika vizuri. Nyufa na kingo zinazomeguka zinatokana na joto lililozidi zaidi. Pedi iliyolowa mafuta haisafishwi kwa petroli na kurudishwa. Hutupwa, kisha hutafutwa kama ni sili ya pistoni inayovuja au grisi inayotoka kwenye habu. Jambo ambalo wengi hawaliangalii ni mstari wa kutu kati ya nyenzo na bamba lake. Pwani, na kwa magari yanayobeba samaki au chumvi, kutu huingia hapo na kuivua nyenzo yote kutoka kwenye bamba, hivyo pedi inaweza kubakiza milimita 6 na bado isifae.

Kisha pima diski. Unene wa chini unaoruhusiwa umechorwa kwenye diski yenyewe, kwa kawaida baada ya herufi MIN TH. Pima kwa maikromita sehemu kadhaa za mzunguko, ukikwepa ukingo usiolika, kwa maana ukingo huo humdanganya anayepima kwa haraka. Diski yenye mikwaruzo inaweza kuchongwa kwenye lesi, yaani mashine ya kuchongea chuma, ikiwa baada ya kuchongwa itabaki juu ya kipimo hicho. Ikiwa itashuka chini yake, kuichonga ni kulipia kazi ya kuifanya diski mbovu ing'ae.

Kununua na kufunga

Kariakoo jijini Dar es Salaam na Kirinyaga Road jijini Nairobi utapata pedi za kila bei kwa gari lilelile, na boksi si kigezo, kwa sababu boksi huigwa. Nenda na pedi kuukuu mkononi, pamoja na namba ya chasisi. Pedi za mbele za asili za Toyota zina namba inayoanza na 04465, na brekishuu za nyuma 04495. Tazama pia herufi mbili zilizopigwa mwishoni mwa namba ndefu iliyo kwenye pedi. Ya kwanza huonyesha msuguano pedi ikiwa na joto la kawaida, ya pili ikiwa moto sana: E ni kati ya 0.25 na 0.35, F ni kati ya 0.35 na 0.45, na G ni kati ya 0.45 na 0.55. Kwa pikapu inayobeba mzigo ningenunua FF au zaidi, na kuiacha ile ambayo herufi yake ya pili iko chini kuliko ya kwanza. Pedi zisizo na alama yoyote zibaki dukani. Nunua seti ya magurudumu mawili ya ekseli moja, hata kama upande mmoja bado unaonekana mzima.

Wakati wa kufunga, sugua njia za pedi kwa brashi ya waya mpaka pedi iingie na kutoka kwa vidole bila kulazimishwa. Grisi ya breki ipakwe kwa unyenyekevu nyuma ya bamba na mahali panaposuguana chuma kwa chuma, isiguse kamwe uso wa pedi wala diski. Vibati vya kuzuia mlio vihamishwe kutoka kwenye pedi za zamani ikiwa mpya hazikuja navyo. Diski mpya hupakwa mafuta ya kuzuia kutu kiwandani, kwa hiyo ioshwe kwanza. Nati za gurudumu zikazwe kwa kupishana, hatua kwa hatua, kwa spana ya kipimo na kwa nguvu iliyotajwa kwenye kitabu cha gari.

Kabla ya kuliondoa gari, kanyaga pedali mara nyingi mpaka iwe ngumu. Hatua hii isisahaulike, kwa sababu pistoni ziko mbali na pedi na kukanyaga kwa mara ya kwanza hakusimamishi kitu. Baada ya hapo pedi zizoeane na diski: kwenye barabara isiyo na watu, punguza mwendo kutoka kilomita 60 hadi 20 kwa saa kwa nguvu ya wastani, mara nane hadi kumi, ukiacha nafasi ya kupoa kati ya moja na nyingine, bila kusimama na kushikilia breki zikiwa za moto.

Tatizo likibaki

Mlio mwepesi katika siku za mwanzo hupungua wenyewe. Ukiendelea, kagua kama kibati cha tahadhari kimekaa upande usiostahili, kama springi bapa imerudishwa, na kama diski ilifungwa ikiwa na ukingo mrefu unaogusa pedi mpya. Pedali ikiwa laini kuliko ilivyokuwa, upepo umeingia. Anza kuutoa kwenye gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda na umalizie na lililo karibu. Tumia mafuta ya daraja lililoandikwa kwenye kifuniko, kutoka chupa iliyofunguliwa siku hiyo. DOT 3 ikiwa mpya inapaswa kustahimili angalau nyuzi 205 za selsiasi kabla ya kuchemka, lakini kiwango kinachodaiwa kwake ikishanyonya unyevu ni nyuzi 140 tu, na hali ya hewa ya pwani huufupisha sana muda wa kufikia hapo.

Malalamiko yanayojitokeza zaidi kwa wenye pikapu ni haya: pedi za mbele zinakwisha haraka mno ingawa kalipa ni nzima. Jibu mara nyingi liko nyuma. Brekishuu za nyuma zikiwa mbali na dramu, mbele hubeba mzigo wote. Handibreki inayovutwa juu sana ndipo ishike ni dalili, na marekebisho hufanywa kwa kuzungusha gurudumu dogo la meno lililo ndani ya dramu, kisha handibreki ndiyo ifuate, si kinyume chake. Fungua pia dramu uangalie kama mafuta ya difu yamepenya sili ya ekseli na kulowesha brekishuu. Kabla ya kufunga sili mpya, hakikisha kipumulio cha difu hakijazibwa na tope, kwa kuwa shinikizo lisilo na pa kutokea litaitoboa na hiyo mpya.

Kisha kuna kidhibiti cha shinikizo cha ekseli ya nyuma, ambacho wengi hawajui kwamba kipo. Kwenye pikapu nyingi za aina hii, fimbo iliyounganishwa na ekseli hupima umbali kati ya ekseli na chasisi. Gari likiwa tupu, umbali ni mkubwa, na kidhibiti hupunguza shinikizo la nyuma ili magurudumu yasifunge na kuteleza. Likibeba mzigo, chasisi hushuka na breki za nyuma hupewa nguvu zaidi. Sasa mwenye gari anaongeza majani ya springi ili abebe magunia mengi. Chasisi haishuki tena, kidhibiti kinaamini kwamba gari ni tupu, na tani nzima inasimamishwa na pedi za mbele peke yake. Hali hiyo ikikutana na mteremko wa Kitonga, au ule wa kutoka Lushoto hadi Mombo, pedi huungua kabla gari halijafika chini, hasa dereva anapoliachia gari bila gia ili kuokoa dizeli. Fimbo hiyo hurekebishwa kwa kufuata kitabu cha gari na kwa geji ya shinikizo, na kazi hii ndiyo pekee katika maelezo haya ambayo ningeipeleka gereji yenye kifaa hicho, pamoja na kutaja kwamba springi zimeongezwa. Kwenye baadhi ya pikapu za zamani, kidhibiti hicho kina nipo yake ya kutolea upepo, ambayo isiposhughulikiwa huiacha pedali laini hata baada ya magurudumu yote manne kutolewa upepo vizuri.

Kaza upya nati za magurudumu baada ya kilomita 100 za kwanza, na wakati huohuo chungulia unene wa pedi za ndani na za nje kupitia matundu ya rimu. Baada ya kilomita elfu chache chungulia tena: ikiwa upande mmoja umeanza kupungua kuliko mwingine, hitilafu ya awali bado ipo, na inapatikana kwa urahisi zaidi wakati pedi zingali nene.